Mbao gani, pikapu gani: mwongozo kwa anayetaka kujitengenezea gitaa la umeme

Kila wiki meseji ni zilezile. "Fundi nimepata kipande cha mpingo kutoka Kilwa, naweza kuchonga bodi ya gitaa?" "Fundi mninga na mkongo ipi inalia vizuri?" "Fundi nimeona pikapu imeandikwa kilo 16, ndo yenye nguvu kuliko zote eti?" Nimekuwa najibu mmojammoja ila wengi wananitafuta wakati mbao ishakatwa na hela ishaenda, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Nikisema pikapu simaanishi gari. Ni kile kidude chenye sumaku na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara, kinakaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unatokea ndani ya ule waya na ndo unaenda kwenye amplifaya. Nadharia imeishia hapo, ila shika hilo moja: gitaa kavu sauti yake inatoka kwenye mbao, gitaa la umeme pikapu inasikiliza uzi. Mbao ina mchango wake, sikatai, na watu wanagombana usiku kucha juu ya hilo, lakini mimi nimeshabadilisha pikapu kwenye bodi ileile na gitaa likageuka kabisa, na nimeshahamisha pikapu zilezile kwenda mbao nyingine nikalazimika kutega sikio ndo nisikie tofauti. Kwa hiyo mbao tunaichagua kwa uzito, ukavu na utulivu wake, sauti tunaitafuta kwenye pikapu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mizani. Ile ya jikoni haitoshi, tafuta ya kuning'iniza ya kupimia mizigo, inayofika kilo 10 au zaidi.
- Futi kamba na kalipa. Ya plastiki inatosha.
- Mita ya fundi umeme, ikiwa ya mshale ni bora zaidi, utaona kwanini huko chini.
- Ruta ya mkono (mashine ya kuchimba na kuchonga mbao) na bisi zake, yaani visu vyake, au rafiki mwenye nayo. Kuchimba tundu la pikapu kwa patasi inawezekana, nimefanya, sikushauri.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hivi, na risasi nyembamba ya elektroniki, sio ile nene ya mafundi bati.
- Klampu nne au zaidi, gundi ya mbao, msasa wa 80, 120, 220 na 320.
- Barakoa nzuri ya vumbi. Sio kitambaa cha kufunga usoni.
- Shingo iliyokwisha kutengenezwa. Kwa gitaa la kwanza nunua shingo, usichonge, utakuja kunishukuru.

Hatua 1. Amua utapiga nini na utachomeka wapi

Watu wanaruka hii. Anayepiga solo la sebene anataka kila noti ijitenge na mwenzake, ing'ae, ikate katikati ya ngoma na kinanda bila kupiga kelele. Anayepiga benga hivyohivyo. Anayepiga rithim kanisani anataka sauti nene iliyotulia nyuma ya waimbaji. Wa roki anataka pikapu iisukume amplifaya mpaka ikwaruze. Hawa watatu ukiwapa gitaa moja wawili watalalamika.

Alafu swali la pili ambalo huku kwetu ni la muhimu kuliko la kwanza: una amplifaya ya gitaa, au utachomeka moja kwa moja kwenye mixa? Wengi wetu tunachomeka kwenye mixa ya kanisa au ya ukumbi. Sasa pikapu ya kawaida isiyo na betri inataka kuingia kwenye tundu la megaomu 1 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), tundu la laini la mixa mara nyingi ni kama kiloomu 10 tu, kwahiyo linaikaba pikapu, sauti inatoka ndogo na imefifia juu, mtu anasema gitaa bovu. Kumbe gitaa ni zima. Weka hela ya boksi la DI lenye betri (linakaa kati ya gitaa na mixa ili pikapu isikabwe), au pedali yoyote ya kuongeza nguvu mbele ya mixa, ndani ya bajeti tangu leo. Na ukishaweka hilo boksi utakutana na shida ya pili, sauti inakuwa kali kama kijiko kwenye sahani, maana spika ya gitaa huwa inakata zile frikwensi za juu kabisa na spika za PA, zile za ukumbi, hazikati. Ndo maana mtu wa mixa mimi namshauri pikapu za upole zaidi kuliko mtu mwenye amplifaya.

Hatua 2. Chagua pikapu

Familia kubwa ni tatu.

Singo koili: koili moja, sauti ya kung'aa, noti zimetengana. Hii ndo rafiki wa sebene na benga, hasa ukiwa nazo tatu na swichi ya hatua tano, ile nafasi ya pili na ya nne ambapo mbili zinalia pamoja. Tatizo lake inanasa muungurumo wa umeme, ule mmm wa hertzi 50 wa umeme wetu, ukikaa karibu na taa za tyubu au adapta za bei chee ndo balaa. Ukinunua tatu hakikisha ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, hapo zikilia mbili pamoja muungurumo unakufa.

Hambaka: koili mbili zilizopangwa ili muungurumo wa moja uuwe wa mwenzake. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliitengeneza mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Sauti nene, nguvu zaidi, makali kidogo. Kama ukumbi wako una umeme mchafu na jenereta inanguruma nje, chukua hambaka usijitese. Nunua yenye waya nne na wa tano wa ardhi, hiyo unaweza kuikata iwe koili moja kwa swichi ndogo, unapata kitu kinachofanana na singo koili ukikitaka.

P-90: koili moja pana, inakaa katikati ya hizo mbili, nene ila ina meno. Naipenda sana kwa rithim. Inaungurumisha kama singo koili, ujue hilo.

Sasa ile habari ya kilo. Namba ya kiloomu sio nguvu! Ni ukinzani wa waya tu. Waya mwembamba zaidi unapandisha namba bila kuongeza mizunguko, kwahiyo kulinganisha pikapu za aina tofauti kwa kiloomu ni kama kulinganisha mabasi kwa urefu wa bomba la moshi. Itumie kujua uko mtaa gani: singo koili ya kawaida iko 5.5 mpaka 6.5, hambaka ya mtindo wa zamani 7.5 mpaka 8.5, zikifika 12 mpaka 16 hizo zimetengenezwa kwa ajili ya roki, zina katikati nyingi na juu zimepungua. Ukipiga sebene na kitu cha kilo 16 utashangaa noti zako zimekwenda wapi.

Sumaku: alniko 2 ni laini, alniko 5 ni kali na safi, seramiki inasukuma zaidi. Mgeni nenda na alniko 5 kwenye pikapu ya upande wa briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi), ya shingoni 2 au 5 zote sawa.

Kosa la hapa: nafasi ya nyuzi. Hambaka zipo ambazo kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya sita (nguzo ni vile vichuma sita juu ya pikapu) ni milimita 50 hivi na zipo za 52 au 53. Pima briji yako kwanza. Mimi niliagiza seti bila kuuliza, muuzaji hakuandika na mimi sikuuliza, ilipofika uzi wa kwanza na wa sita zilikuwa zinapita pembeni ya nguzo. Ililia, siwezi kudanganya, lakini kila nikiliangalia lile gitaa naumia.

Hatua 3. Pikapu, briji na shingo ziwe mkononi kabla ya kuchora chochote

Usichimbe tundu kwa vipimo vya kwenye simu. Shingo nyingi za kufunga kwa skrubu zina upana wa milimita 56 pale zinapoingia kwenye bodi ila nimekuta za 55.5 na za 56.4, na nusu milimita pale ni gitaa linalocheza. Urefu wa nyuzi unaamuliwa na shingo, mara nyingi ni milimita 648 au 628, na huo ndo unakwambia briji ikae wapi.

Hatua 4. Nenda kaone mbao

Bodi ya kawaida yenye unene wa milimita 45 ina kama lita 4 za mbao ikishachongwa. Kumbuka hiyo lita 4, ndo siri yote. Shingo na vyuma vyote vinaongeza kama kilo 1.6. Gitaa zuri la kusimama nalo usiku kucha liwe kilo 3.2 mpaka 3.8, ukivuka 4.3 bega litakwambia ikifika saa nane usiku.

Paini. Watu wanaidharau kwa sababu ni mbao ya kenchi, wakati Leo Fender mwenyewe, yule wa magitaa ya Fender, magitaa yake ya majaribio ya karibu na 1950 yalikuwa ya paini. Ile ya Mafinga ikikauka vizuri inakuwa kama kilo 0.45 kwa lita, bodi inatoka na kilo 1.8. Ni laini, ukucha unaacha alama, na lazima uchague kipande kisicho na vifundo. Kwa gitaa la kwanza kabisa ndo ushauri wangu, ukiharibu hujaharibu kitu cha maana.

Mkangazi. Hii ni jamaa ya mahogani, na watengeneza magitaa wa nje wanaitumia sana wakiiita mahogani ya Afrika. Kilo 0.5 na kitu kwa lita. Nyuzi za mbao yake zimepishana, ukipiga randa inang'oka vipande, tumia randa kali na umalizie na msasa. Ikipatikana kavu, chukua ufunge mjadala.

Mninga. Mzuri kwa macho, unatulia sana ukishakauka, haupindi hovyo. Uko 0.6 mpaka 0.65, bodi kilo 2.5, gitaa zima kilo 4.1. Unabebeka lakini uchimbe vyumba ndani kupunguza. Mninga wa magendo umejaa, dai risiti na vibali vya misitu, utakapokamatwa na mbao hutaeleza kuwa ni gitaa.

Mtiki. Uzito kama mninga, una mafuta, futa na thina ya asetoni dakika chache kabla ya gundi la sivyo kiungo kitaachia.

Mvule. Uzito huohuo. Ndani yake kuna mawe, namaanisha mawe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti, ruta ikikutana nayo inatoa cheche na bisi imekwisha. Vumbi lake linawasha pua na kifua, ndo ile barakoa.

Mkongo. 0.75 kwenda 0.8, bodi kilo 3 na zaidi kabla ya shingo. Milango ni sawa, gitaa hapana.

Mpingo. Huu unazama kwenye maji, uko kwenye 1.2 au zaidi kwa lita, bodi nzima ingekuwa kilo 5 kwa mahesabu hayohayo. Ni mbao ya klarineti na zumari, na kwenye gitaa mahali pake ni fretibodi (ule ubao wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi), hapo hauna mpinzani. Kipande cha sentimita 50 kwa 7 kwa unene wa milimita 8 kinakutosha. Kama unapanga kuuvusha mpaka, jamii yote ya mpingo iko kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu Januari 2017, mbao ghafi inataka kibali.

Mwembe uko poa na michoro yake ni ya ajabu, ila ukikatwa lazima uchanwe na kuanza kukaushwa haraka, la sivyo kuvu na wadudu wanaula ukiwa unauangalia.

Hatua 5. Pima kabla hujalipa

Hapohapo yadi. Tuseme ubao ni sentimita 52 kwa 36 kwa 5. Zidisha, ni 9,360, gawa kwa 1,000 ni lita 9.36. Ning'iniza kwenye mizani, tuseme kilo 5.9. 5.9 gawa kwa 9.36 ni 0.63. Mara 4 ni kilo 2.5, hiyo ndo bodi yako. Wauzaji wanakushangaa, wengine wanacheka, wewe endelea. Mbao mbili za mti mmoja zinaweza kupishana sana, kwahiyo jina la mti peke yake lisikutoshe.

Kama hujapata upana wa 36, gundisha vipande viwili au vitatu, hakuna ubaya wowote. Hakikisha tu kiungo kimoja kisipite katikati ya tundu la shingo.

Hatua 6. Kausha, alafu kausha tena

Hapa ndo magitaa mengi ya nyumbani yanafia. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa mninga, muuzaji akaapa kuwa umekaa miaka mitatu. Nilichonga wakati wa masika, shingo ikaingia kwa kubana vizuri nikajisifu. Ilipofika mwezi wa nane nataka kuitoa shingo nirekebishe, imegoma, tundu limejikaza limeing'ang'ania, na kule nyuma pa kufungia mkanda kiungo cha gundi kimefunguka unapitisha wembe. Mbao ilikuwa mbichi katikati, nje kavu.

Kwahiyo: paka rangi au nta kwenye ncha mbili za ubao, weka ndani ya nyumba juu ya vijiti hewa ipite pande zote, isiguse ukuta wala jua. Pima uzito kila Jumapili uandike kwa penseli juu yake. Ukiona wiki nne mfululizo namba haijashuka, imefika. Ubao mbichi wa sentimita 5 unaweza kuchukua mwaka na zaidi, ndo maana nanunua mbao za magitaa ya mwakani. Njia ya mkato ninayoiamini ni mbao ya samani za zamani, mguu wa kitanda cha bibi au mlango uliong'olewa, hizo zimeshakauka miaka 40, ila zikague misumari kwa sumaku kwanza.

Usiweke kwenye oveni. Usiweke juu ya bati. Itapasuka.

Hatua 7. Chonga

Tengeneza kiolezo cha MDF (ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao), jaribu shingo na pikapu kwenye kiolezo kwanza, ndo uhamie kwenye mbao. Ruta ishuke milimita 3 au 4 kila inapopita, mwenye haraka anachoma mbao au anavunja bisi. Toboa njia za waya kabla ya kupaka vanishi, naongea na yule aliyenipigia simu mwezi uliopita, anajijua.

Hatua 8. Waya

Poti ni vile vizungusho vya voliumu na toni, kapasita ni kile kidude kinachofanya kazi na toni. Singo koili: poti za kiloomu 250 na kapasita ya mikrofaradi 0.047. Hambaka: poti za kiloomu 500 na kapasita ya 0.022. P-90 nenda na 500, ikikuzidi ukali badilisha iwe 250. Ukiweka hambaka kwenye 250 inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Funika matundu yote kwa mkanda wa shaba na uunge na ardhi. Foili ya jikoni inafanya kazi ileile ila risasi haishiki kwenye alumini, ibane kwa skrubu na waya. Waya mmoja utoke ardhini uende chini ya briji, usiusahau.

Hatua 9. Urefu wa pikapu

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi mpaka juu ya nguzo: ya briji milimita 2, ya shingoni 2.5 mpaka 3. Anzia hapo alafu tumia masikio. Singo koili yenye sumaku ya alniko ikikaribia sana inavuta uzi, noti za juu zinayumba kama zina walevi wawili, utadhani fretibodi imekosewa.

Ikigoma

*Inaungurumisha, ukigusa nyuzi inanyamaza.* Ardhi ya briji ipo, ila kinga ya matundu haijatosha, au umekaa karibu na taa. Geuka upande mwingine kwanza kabla hujafungua chochote.

*Ukigusa nyuzi ndo inazidi.* Umegeuza waya kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo).

*Pikapu moja inalia vizuri, mbili pamoja zinakuwa nyembamba kama redio ya simu.* Zinapingana. Geuza waya mbili za pikapu moja. Ndo kazi ya mita ya mshale: iunge kwenye pikapu, gusisha bisibisi juu ya nguzo alafu ivute ghafla, uone mshale umeruka upande gani, zote ziruke upande mmoja. Pikapu yenye kifuniko cha chuma na waya mbili tu usiigeuze hovyo, kifuniko kimeungwa na ardhi, lazima kitenganishwe kwanza.

*Voliumu ikipanda inapiga filimbi hata ukishika nyuzi.* Koili imelegea ndani. Inatumbukizwa kwenye nta, mafuta ya mshumaa sehemu nne na nta ya nyuki sehemu moja, kwenye joto la digrii 65 hivi. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiiweke juu ya moto, na ukivuka 70 plastiki ya pikapu inaweza kupinda.

*Haitoi kitu kabisa.* Pima pikapu kwa mita. Ikisoma ukinzani, kosa ni lako kwenye swichi au jeki. Isiposoma kitu waya umekatika, mara nyingi pale mwanzoni unapotoka, na mara nyingi aliyeukata ni bisibisi yako.

*Inakuchoma mdomo ukigusa maikrofoni.* Acha kupiga, chomoa. Hilo sio kosa la gitaa, ni ardhi ya jengo au ya jenereta, nyuzi zako zimeungana na ardhi ya amplifaya na maiki iko kwenye ardhi nyingine. Muite fundi umeme apime soketi, na mpaka amalize usishike vyote viwili, hata kama mchungaji anakuangalia.